Koti Langu Limeganda Kwenye Ekzosi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, huruma baki nayo. Mimi ni bibi kizee, kusoma sijui, anayeniandikia ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, nimemwambia andika kama ninavyosema, usinipunguzie. Mwanangu ana pikipiki ya abiria, na kila Jumamosi hunipeleka kwa mdogo wangu aliyepooza upande mmoja, mimi ndiye namwogesha na kumsuka, maana mikono ya wengine haitaki, ana maringo huyo tangu utotoni, hata chai akiletewa atauliza kikombe kimeoshwa na nani. Sasa juzi mvua, nimevaa koti la plastiki, pindo likalalia lile bomba la moshi, ekzosi wanaita, chwaa! likayeyuka, likaganda jeusi kama lami. Mwanangu akaniambia mbele za watu, "Mama, mpaka ekzosi ing'ae kama mwanzo, hupandi tena." Mimi! Niliyembeba mgongoni mpaka akaota meno ya kutafuna mahindi, na akaninyea humo humo, mbona sikumwambia ashuke mpaka mgongo ung'ae? Nimesugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa limau, wapi! Nikachukua wembe, ikatoka kidogo ikaacha michirizi, nikaigeuzia pikipiki ukutani asione. Mkwe wangu anacheka, namwambia andika, mama, andika. Mdogo wangu ananingoja Jumamosi na kule gari halifiki. Kubaki nyumbani sibaki. Nipe dawa.

Bibi wa Koti

Bibi wa Koti,

Weka wembe chini! Plastiki ikipoa inang'ang'ania kama kupe, na wewe umeikwangua ikiwa baridi, ndiyo maana umechuna bomba ukaacha uchafu. Mkweo awashe pikipiki, nje, si ndani, bomba lipate moto kiasi, kisha azime. Vaa glavu nene, shika mwiko wa mbao, isukume plastiki ikiwa laini, itabanduka. Mabaki yasubiri bomba lipoe kabisa, kabisa nasema, ndipo uyafute kwa kitambaa chenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, mbali na jiko. Petroli usiiguse, utamwogeshaje mdogo wako mikono ikiwa na bandeji?

Michirizi ya wembe haitoki. Geuza hiyo pikipiki, mwonyeshe mwanao mwenyewe, mtu mzima hafichi kazi ya mikono yake. Na koti lako likunje ulikalie. Hilo kosa ni lako, usinitolee macho.

Ila hili sharti la kung'aa kama mwanzo, pole sana, mimi silitambui. Hata yeye hang'ai kama ulivyomzaa, na bado unampikia. Jumamosi asubuhi usimwombe wala usimbembeleze. Vaa kofia ngumu, panda kabla yake, kaa. Anayetaka kuondoka na pikipiki ataondoka na mama yake.