Nyani Aliyekohoa Mbele ya Baba Mkubwa

Salumu uko wapi? Acha kila kitu usome hii. Vitalis kajimaliza 😂😂

Si anataka kwenda chuo kusomea kutengeneza magemu? Leo ukoo wao umekaa kijijini Mkumbi kuamua, na neno la mwisho ni la baba yake mkubwa. Vitalis akampa simu ajaribu gemu lake, lile la kulinda mahindi yasiibwe na nyani: ukimgusa nyani, umemkamata.

Nyani katokea, mikono nyuma, kofia ya pama kichwani. Watu wote wakamgeukia Baba Mkubwa: kofia ileile, mkao uleule!

Halafu nyani akakohoa. Salumu, NYANI KAKOHOA! Kikohozi cha Baba Mkubwa chenyewe, jamaa alimrekodi kanisani!

Mzee kwa mshtuko naye akakohoa. Vilevile! Bibi yao kaanguka mkekani kwa kicheko.

Vitalis jasho linamtoka, chuo anakiona kinapeperuka.

Mzee akamuuliza, "Huyu nyani ni mimi?"

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

Alishamwamkia asubuhi; shikamoo ya pili hiyo, ya woga!

Mzee karudi kwenye simu, kajikamata mwenyewe mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, "Nenda kasome. Ila wakufundishe kumwongezea huyu nyani mbio. Mimi sikamatwi kizembe namna hii."