Sabuni Iliyokatika

Kariobangi Kusini,
Nairobi.
22 Oktoba 1984

Mpendwa Shangazi Mbeti,

Pokea salamu zetu sote. Magoti yako yanaendeleaje? Kilonzo aliporudi na lori kutoka huko Mombasa alituambia umeanza kutembea bila fimbo, tukamshukuru Mungu. Sisi tu wazima. Baba watoto, Mativo, bado ni karani kule kule, na Ndunge na wadogo zake wanaukunjia uso ugali wa mahindi ya manjano lakini wanaumaliza.

Barua hii nimeiahirisha kwa sababu ya aibu. Ila mficha uchi hazai, na wewe ndiwe uliyenifundisha kupika sabuni, kwa hiyo acha nikueleze.

Akina mama wa kanisa walichoka na bei ya sabuni ya kipande. Mimi na mdomo wangu nikasema, mbona mnahangaika, nitawapikia ile laini ya kuchota, shangazi yangu alinifundisha. Mirriam, mwenyekiti wetu, akawaambia wote walete mikebe Jumapili.

Mafuta nilipewa na Anab. Huyu ni jirani yangu wa mlango wa pili, Msomali, mumewe Salad ana kibanda cha nyama hapa mtaani. Anab ndiye aliyekaa na watoto wangu nilipolazwa mwaka jana, akawapikia na kuwaogesha kama wake. Alinipa mafuta ya mkia wa kondoo, meupe, bakuli limejaa, na hakutaka chochote.

Sasa maji ya majivu yalikuwa hayajakolea. Nilikuwa nimeyachuja kutoka majivu ya maganda ya ndizi kama ulivyonionyesha, lakini yai la kupimia lilikuwa linazama tu badala ya kuelea. Ikabidi ningoje niyachuje tena. Mafuta nayo yasije yakaharibika kwenye joto, nikayafanya kama tunavyofanya nyama kwetu: nikayapaka chumvi vizuri, nikayafunika. Wala sikufikiri. Mkono ulifanya wenyewe.

Shangazi, ile sabuni ilikatika. Badala ya kuvutika kama uji mzito ikawa madonge madonge juu na maji ya kahawia chini, kama maziwa yaliyolala. Nikakoroga mpaka bega likauma. Nikaongeza maji, bure. Nikaongeza maji ya majivu, ikawa inawasha vidole na madonge yako pale pale. Nikachochea moto, nikapunguza moto. Mativo akaniuliza kama napika githeri, nikamfukuza.

Jumapili mikebe ikaja, ikarudi mitupu. Jumatatu asubuhi bombani kila mtu ananiuliza habari ya sabuni, na wengine wanacheka. Ndipo nikasema. Nilisema mafuta ya Anab yalikuwa mabovu, na kwamba labda hata nyama ya Salad inalala siku nyingi kabla ya kuuzwa. Hayo ya nyama sijui niliyatoa wapi, yalinitoka tu watu walipokuwa wakinisikiliza. Nilipogeuka Anab alikuwa nyuma yangu na debe lake. Alikinga maji akaenda zake.

Baada ya hapo wamama wakaanza kumpita Salad na kwenda kununua kwingine. Niliwaona na nikanyamaza, kwa sababu bado niliamini niko sawa.

Nikaenda soko la Burma nikanunua mafuta mengine kwa mchinjaji nisiyemjua, ili niwaonyeshe. Nikafika nyumbani, nikayaweka kwenye bakuli, na mkono ukaenda kwenye mkebe wa chumvi. Niliona kabisa ukienda na bado sikuelewa. Kesho yake nikapika, ikakatika vile vile. Nilikaa kwenye kigoda nikiitazama, halafu nikalamba kijiko cha mafuta yaliyobaki. Chumvi tupu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mara ya tatu sikutia chumvi. Ilivutika, ikawa laini, ukiichota inang'aa. Sikuifurahia hata kidogo. Lile sufuria la kwanza bado liko chini ya kitanda; ukijua namna ya kuyatoa chumvi madonge yale nieleze, nadhani niyachote na kuyachemsha upya kwa maji safi, lakini siku hizi siamini ninachodhani.

Jumamosi jioni nilimpelekea Anab mkebe wa ile sabuni nzuri. Nilimweleza mlangoni, kwa sauti ya chini, na nikalia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mama Ndunge, lile neno ulilisema bombani. Hili unaniletea gizani. Lipeleke bombani." Akafunga mlango taratibu, na mkebe nikarudi nao.

Usiku ule na jana kanisani sikuwa na raha. Nilijiambia nimeshaomba msamaha, anataka nini tena? Lakini Salad alikuwa anarudi nyumbani na nyama yake, na mimi ndiye niliyeifukuzia wateja.

Leo asubuhi nimekwenda. Foleni ilikuwa ndefu, Mirriam yumo, na wale waliocheka wamo. Nilisema mafuta yalikuwa mazuri, chumvi niliitia mimi, na habari ya nyama ya Salad niliitunga. Kuna aliyemwita Mungu nyuma yangu, "Ngai!" Anab hakunitazama. Alikuwa anajaza debe lake. Lilipojaa alisimama mbele yangu, akaweka ngata kichwani na kuniambia, "Nitwike."

Nimemtwika, Shangazi. Maji yamenimwagikia mpaka viatuni.

Nisalimie Mzee Maingi, na Wayua na watoto wake. Mungu ayatunze magoti yako na akuongezee miaka tukuone Krismasi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda sana,

Kavutha