Mabao Kumi na Moja ya Munir

Wembley, London
Jumapili, 1 Juni 2025

Kwako Dada Jokha, Wete,

Assalaam alaykum. Shikamoo, dada yangu. Barua hii ameibeba Munir mwenyewe, kwa hiyo ukiishika ujue mtoto keshafika salama. Vipi macho yako? Yale matone aliyokupelekea wifi yako Malak yamefaa? Nauliza kwa haja: hata kama macho yanauma, usimpe mwanafunzi akusomee. Isome peke yako, tena kabla hujawaita watoto uani.

Sisi wazima. Malak bado anahudumia wazee kule Harrow, na mimi bado nasimama langoni uwanjani nikikagua mikoba ya watu.

Mpira wa Munir umekwisha, na nataka uijue safari yake kama ilivyokuwa. Unalijua daftari langu la siku; sijaliacha tangu kidato cha pili. Ninayokwambia leo yamo humo kwa tarehe.

Alipoanza, akiwa na miaka kumi na mitano, nilidhani watoto wanapigana tu. Mwaka 2021 chuo kikuu kimoja cha Indiana kikamchukua, asome na achezee timu yao huo mpira wa Kimarekani. Nikawa natazama mechi zake kwenye kompyuta kila Jumamosi na sielewi kitu. Nikamwendea Eddie, mwenzangu wa langoni, ambaye mama yake ni Mmarekani. Akaniuliza mwanangu anacheza wapi. Nikamwambia safu ya pili ya ulinzi. Akacheka sana, akasema basi mimi natazama mpira kama paka anavyotazama samaki, na mwanangu yuko pale ambapo mpira haujafika.

Tangu hapo nikaacha kuutazama mpira, nikamtazama yeye. Tarehe 9 Oktoba 2021 niliandika: “Leo nimemwona anaondoka kabla yao.” Nikampigia kumuuliza anajuaje wapinzani watakakoelekea. Nikauliza kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba anatazama vidole. Jitu la mbele la wapinzani huinama na kuweka mkono chini. Vidole vikikandamiza majani mpaka kucha zikawa nyeupe, wanakuja kwa nguvu. Vikigusa tu, watarudi nyuma wautupe mpira mbali. Dada, miaka yote nilidhani mchezo ule ni ubabe, kumbe mwanangu anasoma kucha za watu!

Kwa misimu minne aliangusha watu mara mia mbili na tatu. Hiyo ndiyo kazi yake: mwenye mpira asipite. Timu za kulipwa hazikumwita. Anataka kusomea ualimu, na hakuonekana kuhuzunika kama nilivyohuzunika mimi.

Mechi yake ya mwisho ilikuwa tarehe 23 Novemba mwaka jana. Walikuwa mbele kwa pointi tatu na imebaki kama dakika moja. Wapinzani wakautupa mpira, na Munir, ambaye kazi yake si kuushika, akaudaka. Mbele yake uwanja mtupu. Bao kwao ni kuubeba mpira mpaka uvuke mstari wa mwisho, na hakuna aliyekuwa karibu naye. Nikasimama sebuleni napiga kelele, “Kimbia, mwanangu, kimbia!” Akakimbia hatua tatu, akapiga goti chini kwa hiari yake.

Nilimpigia Eddie nikiwa na hasira. Akanieleza kwamba angekimbia, wapinzani wangeweza kumkumba mpira ukamtoka, wakauokota wakashinda. Kwa kupiga goti mpira ulibaki kwa timu yake, wakasubiri saa iishe. Akaniambia mwanangu ana akili kuliko baba yake.

Sasa kwa nini nilipiga kelele vile? Hapa ndipo penye uzito, dada.

Lile lilikuwa bao lake la pekee, na hakulifunga. Munir hajafunga hata bao moja katika miaka minne. Yale kumi na moja niliyokutajia niliyatunga mimi.

Ulikuwa umeweka nadhiri kwamba kila Munir akifunga, wanafunzi wako wa Kurani watakula mkate wako wa kumimina, ule wa mchele. Jumapili ile ya kwanza ulinipigia ukasema mchele umesharowekwa tangu jana, watoto wamekaa mkekani, kafunga mangapi? Nilishindwa kukueleza kwamba kazi yake ni kuzuia. Nikasema moja. Nikasikia watoto wanashangilia. Kumi yaliyofuata yalikuwa mepesi, na hilo ndilo linaloniumiza. Nimekutimizisha nadhiri kwa uongo, tena wewe unayefundisha dini. Nisamehe.

Unakumbuka Desemba, Munir alipokuwa hapa likizo, ulimuuliza kwenye simu katika yale kumi na moja ni lipi tamu zaidi? Alinitazama, akajibu kwa Kiingereza, nami nikakufasiria: la mwisho. Ulipokata simu akaniambia huku akicheka, “Kumi na moja, Baba? Hata washambuliaji wetu hawana.” Kisha akaacha kucheka. Akasema haendi kula mkate wa bao asilofunga. Nisipokwambia mimi, atakwambia yeye, na kwa Kiswahili. Hapo nikajua nami ameniangusha, wa mia mbili na nne.

Baadaye nikamuuliza kwa nini basi alikujibu vile. Akasema hakukudanganya: la mwisho ni lile alilopigia goti.

Watoto wakitaka kuona mchezo wake, mpe mmoja mpira, mwambie ajaribu kumpita Munir. Na kama moyo wako utakuruhusu, dada, roweka mchele mara moja zaidi.

Malak anakusalimu, nasi sote tunaomba radhi na dua zako.

Ni mimi mdogo wako,
Msabaha