Uji wa Nyambura Sinywi

Jumatatu, 6 Mei 1957. Ruiru

Nimefagia, nimeteka maji, nimetema mate kwenye mkebe. Uji wa Nyambura nimewamwagia kuku. Mke mwenza huyu hanipati mara ya pili. Mwezi uliopita kiungulia cha mimba kilinisumbua, nikamwomba magadi, kama tunavyofanya wote. Akanitolea kidonge cheupe kwenye kopo la jikoni. Nikameza. Kifua kikawaka moto, nikatapika damu. Baadaye nilidhani nimepona. Sasa hata kiazi kinakwama.

Alhamisi, 9 Mei

Hospitali, Thika. Daktari anasema kidonda cha ndani kimeacha kovu, na kovu linaziba njia ya chakula. Amenipitisha mpira kooni kuipanua. Nilidhani nakufa. Anasema yale hayakuwa magadi, ni kitu kikali cha kuunguza. Na nisipokula, mtoto hatafika. Nani alikileta nyumbani? Namjua.

Jumapili, 12 Mei

Sikwenda kanisani. Kopo la magadi limetoweka jikoni. Nyambura anasema mume wetu Njoroge alilitupa chooni. Uongo mtupu. Nilimuuliza Njoroge, akaangalia chini, akasema wanawake wana wivu. Basi hata yeye anamshuku. Nyambura ana wasichana tu, na mimba hii inamkera. Namchukia. Maziwa nachukua kwa jirani. Leo hata hayo yamerudi puani.

Jumatano, 15 Mei

Mchana mama mkwe alisaga tumbaku yake ya kunusa, akatia magadi kama kawaida yake. Alinusa mara moja tu, damu ikamtoka puani. Nilimkimbilia na maji. Kumbe magadi yenyewe alikuwa ameyaweka tangu mwezi uliopita. Nikamuuliza aliyempa.

"Ni Njoroge," akasema. "Hiyo ingine alitia kwa kopo ya jikoni."

Nyambura alikuwa mlangoni. Alisikia yote.

Njoroge aliporudi tulimweka kati. Akatoa yote. Aliokota vidonge hivyo kwenye pipa la kiwanda cha sabuni anakofanya kazi, akadhani amepata magadi ya bure. Nilipoungua akajua. Akaogopa kufungwa kwa wizi, akatupa kopo, akanyamaza. Ya mama yake aliyasahau. Mimi akaniacha nimwage chakula na tumbo hili, nikimlaani mwenzangu. Mwoga. Nina hasira naye. Aibu pia ninayo, kwa Nyambura.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua asubuhi. Nyambura amechuja uji kwa kitambaa, mwepesi kabisa. Nimekunywa nusu kikombe, polepole, umeshuka. Nilimwomba msamaha. Akanipangusa kidevu, akaenda kuwapa mbuzi majani.

Mpira tena Jumatatu. Daktari hajui ni mpaka lini, pengine maisha. Nyambura atanisindikiza Thika. Njoroge naye ameomba kuja. Nimemwambia abaki nyumbani ale, maana yeye anaweza kumeza.