Masanduku Sitini na Manne

Tarehe 4 Machi

Chiriku wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kufundisha hakujakumaliza sauti. Mimi sijambo, isipokuwa goti, ambalo siku hizi lina mambo yake. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikipandisha sauti kidogo tu unakata, na leo nina hasira.

Vitabu vyako vimefika. Masanduku sitini na manne. Mkuu wetu wa maktaba alivaa tai, akaita mpiga picha, akakenua meno mbele ya lori. Kisha akauliza viwekwe wapi, na kabla mtu hajafungua mdomo akajijibu mwenyewe: chumba cha watoto.

Nimefungua masanduku tisa kwa mkono wangu. Umetuletea vitabu vya kodi za huko ughaibuni, vya miaka ishirini iliyopita. Umetuletea kamusi kubwa za juzuu juzuu, zimeishia herufi M. Sijui wenzenu baada ya hapo walichoka. Umetuletea nakala thelathini na moja za kitabu kimoja cha kufuga farasi. Farasi, mwanangu! Mtaa mzima huu hauna hata punda.

Miaka ishirini na minane nashona vitabu kwenye karakana ya nyuma. Ungeniuliza, ningekuambia tunachokosa: hadithi za lugha yetu, uzi, gundi. Hukuniuliza. Umetuletea taka, na taka yenyewe imerundikwa pale pale mama yako alipokuwa akikaa na watoto kila Jumamosi akiwasomea. Mikeka imekunjwa. Watoto sasa wanasomewa kwenye korido, mlango wa choo ukifunguka kila dakika mbili, na dada wa hadithi aliyeshika nafasi ya mama yako anapaza sauti mpaka inamkauka.

Kanuni yetu ni kwamba zawadi ikishapokelewa kwa saini, maktaba haiwezi kuitoa bila barua ya aliyeileta. Basi niandikie barua hiyo. Mistari miwili tu, vitolewe.

Ni mimi,
Baba yako


Tarehe 29 Machi

Shikamoo baba,

Pole na goti. Usipande ngazi za stoo, nakujua. Mimi ni mzima, ila barua yako imenitoa machozi darasani, wanafunzi wakadhani nimefiwa.

Taka? Mwaka mzima, kila Jumapili, nimezunguka kwenye shule zinazofungwa nikiomba vitabu kama mtu anayeomba chakula. Nilivipandisha ghorofa nne, mgongo ukaniuma mwezi mzima. Ndani ya kila jalada nimebandika karatasi: "Kwa kumbukumbu ya mama yangu, aliyewasomea watoto." Vidole vilinibabuka kwa gundi. Hukuona? Fundi mzima wa vitabu unafungua sanduku, hufungui kitabu?

Mkuu wako ameniandikia kunishukuru. Anasema chumba kimependeza sana. Sasa nani mwongo kati yenu?

Barua siandiki. Tafuteni pengine pa kuviweka. Sikumzika mama, baba. Nilipata habari siku tatu baada ya mazishi, na wewe hujawahi kukaa na mimi tukalizungumza. Hii ndiyo heshima pekee niliyopata kumpa, halafu unataka nitie saini vikachanwe vifungiwe sabuni sokoni. Nimekataa.

Wasalimie wote.

Mwanao


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Sijambo. Natumaini nawe hujambo, ingawa barua yako haikunisaidia kulala.

Karatasi zako nimeziona. Nilirudi kuziangalia moja moja, na nilikaa chini. Lakini hazikunipunguzia hasira, zimeniongezea. Umeandika "aliyewasomea watoto" ndani ya vitabu ambavyo hakuna mtoto atakayevisoma, ukafunga kwavyo chumba ambacho watoto walikuwa wanasomewa. Soma tena sentensi hiyo, mwalimu.

Na mkuu wangu ni mwongo, kama ulikuwa unauliza. Juzi niliyatoa masanduku saba mwenyewe nikayapanga uani. Nikapewa barua ya onyo, ya kwanza tangu niajiriwe, na masanduku yakarudishwa ndani. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa.

Sasa sikiliza vizuri. Wakaguzi wa mji wanakuja tarehe 15 Julai. Wakikikuta chumba katika hali hii, kitaandikwa ghala, na kikishaandikwa ghala kimekwisha. Hakuna saa ya hadithi, hakuna meza ya kufanyia kazi za shule, na dada wa hadithi anarudi nyumbani. Mkuu ameshabandika kibao mlangoni kwa kujipendekeza. Kuna mtoto wa mshona viatu, ana miaka sita, alisimama pale akakisoma herufi kwa herufi: gha-la. Akanigeukia anacheka, kwa sababu ni neno la kwanza kulisoma peke yake. Nikampongeza. Ningefanya nini?

Kuhusu mazishi, nilishakueleza. Mama yako mwenyewe alisema, "Mwacheni amalize mitihani yake ya ualimu." Yalikuwa maneno yake. Usinigeuzie mimi.

Andika hiyo barua.

Baba yako


Tarehe 20 Mei

Shikamoo baba,

Afya yangu ni nzuri. Ya kwako sitaiuliza leo, utanisamehe.

Nilimpigia simu shangazi. Nilitaka tu anitetee kwako kuhusu vitabu. Katikati ya mazungumzo nikamuuliza, hivi mama lile neno la mitihani alilisema siku gani? Akaanza kuniuliza habari za mvua. Unamjua shangazi, hajawahi kukwepa swali tangu azaliwe. Kisha akasema, "Muulize baba yako," akaaga.

Kwa hiyo nakuuliza. Miaka minne nimeibeba sentensi ile. Nilikuwa nikijifariji nayo: mama alitaka nimalize, nimemaliza, nimemtii. Nimewaambia watu. Nimewaambia wanafunzi wangu!

Wewe unataka barua yangu, na mimi nataka ya kwako. Niandikie mama alisema nini siku ile. Usinipake mafuta, usinifiche kitu. Ikinifikia, ya kwangu nitaituma siku hiyo hiyo, na watoto watapata chumba chao.

Mwanao


Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Salamu zangu zipokee hata kama huzitaki. Nimechelewa, na si kwa kukosa karatasi. Nimeanza barua hii mara sita.

Mama yako hakusema umalize mitihani. Maneno yale ni yangu. Niliyatunga njiani nikitoka makaburini, kwa sababu nilijua utauliza.

Siku mbili za kwanza hospitalini nilidhani atapona. Siku ya tatu daktari aliponiita pembeni, nikapiga hesabu zangu: nikikuita utaacha mitihani, na ukifika utamkuta ameshakwenda, utakuwa umekosa vyote viwili. Nikaamua peke yangu. Shangazi yako aligombana nami pale pale hospitali, nikamnyamazisha kwa ukali. Sikuwa na haki hiyo. Mama yako alikuwa wako pia.

Alikuita. Asubuhi aliniuliza, "Chiriku amefika?" Nikamjibu uko njiani. Adhuhuri akauliza tena, nikamjibu uko njiani. Jioni sauti ilikuwa imeshuka, nikainama kumsikiliza. Hakuuliza tena kama umefika. Aliniambia nifungue mlango wa wodi niuache wazi, usije ukabisha hodi wakakosa kukusikia. Nikaufungua. Niliufungua, mwanangu, huku nikijua hakuna anayekuja, naye akalala akiutazama.

Miaka yote hii nimekukasirikia wewe: kwa kukata simu, kwa kutorudi, kwa farasi wako. Ilikuwa rahisi kuliko kujikasirikia mimi. Taka niliyoisema kwenye barua ya kwanza, nalifuta neno hilo. Chumba bado nakiombea, kwa ajili ya watoto, si kwa ajili yangu. Ukiamua kutotuma, sitakulaumu.

Nisamehe, ukiweza.

Baba yako


Tarehe 27 Juni

Kwa Mkuu wa Maktaba,

Kuhusu: Masanduku sitini na manne ya vitabu

Mimi niliyeleta vitabu vilivyotajwa hapo juu naruhusu vyote vitolewe, vigawiwe, vichanwe au vitupwe, mtakavyoona inafaa. Sina sharti lolote. Chumba kirudishiwe watoto kabla wakaguzi hawajafika, na kibao cha mlangoni kiondolewe siku mtakayoipokea barua hii.

Mikeka mwianike kwanza. Imekaa imekunjwa muda mrefu, itakuwa imeshika unyevu.

Nina ombi moja la mwisho. Fundi wenu wa vitabu asiniandikie. Nitakapoweza, nitamwandikia mimi.

Aliyeleta vitabu