Msimpeleke Mtoto Kisarawe

Mwanza, Jumanne

Mama, shikamoo.

Hiyo shikamoo naitoa kwa sababu ulinifunza kuitoa hata nikiwa nimenuna, na leo nimenuna kweli. Mimi ni mzima ila mdomo unauma. Baba naye shikamoo yake, natumaini mguu umepata nafuu. Hali ya mtoto wa Edina siulizi, maana ndiye aliyenikalisha chini kuandika.

Jumapili ulinikatia simu mara mbili. Sawa, barua haikatwi. Nampa mwalimu mwenzangu anayesafiri kesho, atamkabidhi baba pale Maili Moja. Miwani yako najua ilivunjika tangu Pasaka, kwa hiyo wewe Edina, mdogo wangu, ndiye utakayemsomea. Soma kwa sauti. Usiruke mstari, hata mama akikwambia ruka.

Niliyosikia Jumapili ni haya: mtoto ana miezi mitano, anaharisha, ana homa, fizi zimevimba, mmeshaamua ni meno ya plastiki, na Jumamosi mnatoka naye huko Gwata kumpeleka Kisarawe kwa mama mkubwa ayang'oe, kama alivyoning'oa mimi. Nikauliza kwa nini asiende zahanati. Ukanijibu, "Wewe si ulitolewa? Mbona hukufa?" Kisha ukakata. Basi jibu langu ndilo hili.

Nilipokutumia picha nimefungwa waya kwenye meno ulicheka, ukasema mtu mzima mwenye miaka thelathini na mbili anaiga mabinti wa mjini. Ukampa simu na mama mkubwa naye acheke. Mbwembwe gani hizi, mama, za kumfanya mtu anywe uji wiki nzima? Kabla ya kufungwa walinisafisha meno, wakaziba mawili yaliyooza, wakatibu fizi, kwa sababu waya hazifungwi kwenye mdomo mchafu. Siku ya kufungwa kila jino likagundishwa kichuma chake, waya ukapitishwa juu yake. Mashavu yalichubuka ndani mpaka nikapewa nta ya kufunika vile vyuma. Kila mwezi narudi kukazwa, na kila nikikazwa siku tatu hata wali ni kazi kuutafuna. Nikila lazima nipige mswaki, hata shuleni, pale bombani, wanafunzi wakinitazama. Muwa nimeuaga, mahindi ya kuchoma nimeyaaga. Ni miaka miwili, na nikiruka miadi inaongezeka. Wakishanifungua nitavaa kifaa cha plastiki kila nikilala, la sivyo meno yanarudi yalikotoka. Kuna wanaobandikwa vyuma saluni kwa urembo, daktari anawapokea meno yakiwa yanacheza. Hao ndio uwacheke. Mimi natengeneza kilichoharibiwa.

Maana daktari alinipiga eksirei, akaweka picha kwenye mwanga, akanionyesha. Chonge moja ya juu haipo kabisa, haikuota wala haitaota. Ya upande wa pili imelala ubavu ndani ya mfupa, na meno ya jirani yameinamia lile pengo. Waya zitafungua nafasi, ile iliyolala ivutwe polepole mpaka ishuke, na pale pasipo na kitu nitawekewa jino la bandia. Akaniuliza, "Mwalimu, ulipokuwa mchanga walikutoa meno ya plastiki?"

"Ndiyo," nikamwambia.

"Basi waliokutoa waliharibu na yaliyokuwa chini yake."

Mama, miaka yote uliniambia meno haya nimerithi kwa bibi mzaa baba. Bibi wa watu mmemsingizia hadi kaburini. Mimi nimesoma, nimefundisha, nimechumbiwa, nimeachwa, yote nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja, nikimlaumu mwanamke ambaye meno yake yalikuwa mazima.

Na habari ya siku ile naijua, maana mmenisimulia mara nyingi mkicheka. Mama mkubwa alipitisha spoku ya baiskeli kwenye moto wa kibatari. Baba akanishika kichwa. Mama mkubwa akachokoa fizi, akapaka chumvi, akawaonyesha vitu vidogo vyeupe kiganjani: "Haya hapa, plastiki." Ile haikuwa plastiki. Yalikuwa meno yangu, machanga, hayajatoka bado. Kila mtoto anayo, Edina, na wako anayo, na ndiyo yanayofanya fizi zivimbe. Hayaleti kuharisha.

Usingoje Jumamosi. Leo hii, ukimaliza kusoma, mfunge mtoto mgongoni uende zahanati. Watakupa dawa ya maji ya pakiti na vidonge vya kuharisha. Endelea kumnyonyesha. Akikataa ziwa, au macho yakiingia ndani, usikae foleni, piga kelele. Asiingizwe chuma mdomoni, hata anayekuja nacho akiwa ni ndugu yetu.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe hapo Mkuza. Nisalimie mama mchungaji, mwambie namshukuru kwa maombi. Mama mkubwa simsalimii. Akiuliza, mwambieni sababu anayo kiganjani.

Nimebakiza jambo moja, mama, na hili sikutaka kukwambia kamwe.

Yule daktari aliniuliza swali la pili: "Kwenu kuna mtoto aliyekufa baada ya kutolewa?" Nikamwambia hakuna. Nilimdanganya nikimtazama usoni, na Petro, kaka yetu, amelala nyuma ya nyumba huko huko Gwata. Tumekua tukiambiwa mlichelewa kumpeleka, meno yakamzidi. Ndiyo maana mimi mliniwahisha. Ndiyo maana na huyu mnamkimbiza. Daktari akaniambia vidonda vya namna ile huingia uchafu, mtoto anapata homa mpya, na haichukui muda.

Nilikuficha maneno hayo kwa sababu nilijua ukiyasikia utaanza kuhesabu siku, tangu mlipotoka naye Kisarawe mpaka mlipomzika. Sikutaka uhesabu. Nilikuonea huruma.

Sasa mtoto wa Edina yuko mgongoni, na huruma yangu imehamia kwake. Hesabu, mama. Hesabu kwa sauti, Edina asikie.

Mwanao,
Skola