Jino Lililoruka

Jumatatu, 9 Juni
Tena sindano, tena hadubini. Nimetoka kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka, na minibasi ya kwanza. Baridi kali. Depo yetu ya mifupa ya kale, hapa Kanengo, inanuka tumbako ya maghala ya jirani. Bukavu nilikuwa mshonaji. Sasa nabandua jiwe kwenye mfupa. Taya dogo kama ukucha wa mtoto. Mnyama mfano wa panya, wa jamii ya wanaonyonyesha, wa wakati wa dinosaria. Ukoo wake ulikwisha zamani. Madamu Tiwonge, mwenye kazi, alilichimba kwao Karonga, mpakani, njo maana Kiswahili anakijua. Limebaki na jino moja tu. Bila jino, anasema, hakuna atakayekubali ni mnyama gani. Ijumaa wakubwa wa serikali kutoka Capital Hill wanakuja kuamua kama kazi hii iendelee.

Jumanne, 10 Juni
Jino limeruka. Nilisukuma chembe ya mchanga, tik, halipo. Madamu alikuwa ametoka. Nimepiga magoti. Nimechekecha vumbi lote kwa chekecheke ya unga. Nimekung'uta kitenge, nywele, viatu. Hakuna. Nimefunika taya na pamba, nimeondoka bila kumngoja. Naogopa.

Jumatano, 11 Juni
Jana Déo, bwana wangu, alisema: "Sema ulilikuta vile, bila jino. Batakufukuza, tutakula nini?" Nikamkasirikia. Mi pia nilishawaza hivyo.
Nimemwambia Madamu. Hakufoka. Afadhali angefoka.
"Jana? Na ukaenda nyumbani?"
"Njo vile, Madamu. Niliogopa. Unisamehe."
Tumetafuta pamoja mpaka jioni.

Alhamisi, 12 Juni
Halipo. Madamu: "Safisha sehemu iliyobaki. Kisha tutaona." Najua maana ya tutaona.
Nimeomba. Nikaanza na tundu lenyewe, pale jino lilipong'oka. Mchanga laini. Punje kwa punje. Halafu kitu cheusi, kinang'aa. Nikaweka sindano chini.
"Madamu, kuya uone."
Ameinamia hadubini hata nikadhani amelala. Jino jingine. Limo ndani ya mfupa, halijachomoza.
"Lile lilikuwa la maziwa," amesema. "Hili lilikuwa linalisukuma litoke. Huyu alikuwa mtoto."
Nimelia. Sijui kwa nini hasa.

Ijumaa, 13 Juni
Wakubwa wamekuja. Wameangalia kwa zamu, wamekunywa chai. Kazi inaendelea. Mmoja ameuliza lile jino la maziwa liko wapi. Madamu amejibu: "Limepotea kazini." Jina langu hakulitaja. Bado ananisemesha kwa kifupi. Lakini nirudi Jumatatu, amesema.

Jumamosi, 14 Juni
Nimefua. Jua kidogo, upepo mwingi. Déo ameuliza mnyama mwenyewe alikuwaje. Nikamwonyesha kwa kidole: hivi tu. Labda alikuwa bado ananyonya.
Akauliza: "Na mama yake? Alimutafuta?"
Tumekula nsima, ugali wa huku, na maharage. Baridi inaingia chini ya mlango.